Mwanafunzi wa Lugha katika Darasa la Afya ya Umma: Mifano kutoka Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeamua kusoma afya ya umma kama fani ndogo, pembeni mwa fani yake kuu, aghalabu hulakiwa kwa swali moja: wewe na ushairi wako, una haja gani na takwimu za kuhara? Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna dhana mbili ambazo makala haya yanakusudia kuzichunguza. Ya kwanza ni kwamba afya ni mali ya madaktari. Ya pili ni kwamba lugha ni chombo tu cha kufikishia ujumbe uliokwisha kutayarishwa na wengine, mithili ya mkokoteni usioulizwa umebeba nini. Tutajaribu kuonyesha kuwa dhana zote mbili hazisimami. Mifano yetu tutaichota Garissa, Wajir na Mandera, yaani kaunti tatu zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya mfumo wa ugatuzi kuanza kutekelezwa mwaka 2013.

Eneo hili halikuchaguliwa kwa sababu lina maradhi kuliko kwingine. Limechaguliwa kwa kuwa hapa umbali kati ya anayesema na anayesikiliza ni mkubwa mno, wa maili na wa lugha, na gharama ya umbali huo imelipwa mara nyingi kwa maisha ya watu.

Afya ya umma ni nini?

Tabibu humshughulikia mgonjwa mmoja aliyemjia. Mtaalamu wa afya ya umma huishughulikia jamii nzima, wakiwemo wasiougua na wale ambao hawatafika hospitalini kamwe. Mtoto akiletwa zahanati akiwa na kipindupindu, tabibu atauliza amepoteza maji kiasi gani mwilini. Mwenzake wa afya ya umma atauliza maji aliyokunywa yalitoka wapi, ni nani wengine waliochota hapo, na kwa nini kisima kile kilichimbwa mahali pale wala si pengine. Swali la kwanza linataka elimu ya mwili. La pili linataka elimu ya ardhi, uchumi, siasa za koo, na zaidi ya yote mtu anayejua kuuliza akajibiwa.

Kwa sababu hiyo taaluma hii ni mtambuka kwa asili yake. Anayeichukua kama fani ndogo husoma masomo machache yanayotoka katika idara mbalimbali: uenezi wa magonjwa, takwimu, afya ya mazingira, sera na usimamizi, pamoja na mienendo ya watu na mawasiliano. Nchini Marekani mtindo huu umeenea hasa tangu mwaka 2003, pale Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilipopendekeza kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa fizikia au wa fasihi, apate nafasi ya kusoma afya ya umma. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Tumezoea mwanafunzi wa ualimu kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na afya ya umma kufundishwa kama shahada inayojitegemea, kama ilivyo katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho pia kwa miaka mingi kimewapeleka wanafunzi wake wa tiba kuishi na kujifunza miongoni mwa wananchi. Mlango pekee ambao wengi wetu wa idara za lugha tulipitia ni ile kozi ya lazima kuhusu UKIMWI, ambayo, tukisema kweli, wengi huikariri wiki ya mtihani na kuisahau wiki inayofuata.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo ikishaandikwa, hubaki swali la namna ya kuifikisha kwa mtu ambaye leo yuko kisimani na kesho hajulikani atakuwa malisho gani.

Manyatta ya kifua kikuu, Wajir

Jibu mojawapo la swali hilo lilipatikana Wajir miaka mingi kabla ya katiba hiyo, na aliyelipata hakuwa daktari. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alifika Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu, kisha akahamia Wajir. Huko alikutana na kifua kikuu, ambacho Wasomali hukiita "qaaxo". Neno hilo lilitosha kumtenga mtu. Familia zilificha wagonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikana kikohozi chake mpaka damu ilipomkanushia.

Dawa zilikuwepo. Tatizo lilikuwa muda. Matibabu ya wakati ule yalichukua mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu, na mfugaji wa kuhamahama hawezi kukaa mahali pamoja muda huo wote ilhali ngamia wanataka maji na majani. Mgonjwa alianza dawa, akapata nafuu, akaondoka. Ugonjwa ukamrudia ukiwa umezoea dawa. Katika taarifa za hospitali mtu kama huyo huandikwa kuwa "ametoroka matibabu". Msomaji wa jarida hili ataliona tatizo la kauli hiyo papo hapo: kitenzi kimekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi kuanza.

Mnamo mwaka 1976, katika mradi wa majaribio uliohusishwa na Shirika la Afya Duniani, Tonelli aliligeuza jambo juu chini. Badala ya kumlaza mfugaji wodini, aliwakaribisha wagonjwa waje na nyumba zao. Walijenga vibanda vyao vya kienyeji, vile ambavyo wangejenga popote, karibu na kituo alichokuwa akihudumia walemavu, wakakaa hapo kama kijiji. Kila siku walimeza dawa mbele ya mhudumu. Dawa mpya zilizokwisha kufanyiwa majaribio Afrika Mashariki mapema katika miaka ya 1970 zilikuwa zimethibitisha kwamba miezi sita inatosha, na miezi sita ni muda ambao mfugaji anaweza kuuafiki, maana ndugu anaweza kumchungia mifugo kwa kipindi hicho. Mahali hapo pakajulikana kama manyatta ya kifua kikuu.

Tuangalie kilichotendeka hapo kwa jicho la taaluma zetu. Kemia ya dawa ilitoka maabara. Lakini uamuzi wa kutumia umbo la makazi ambalo tayari lina maana katika utamaduni wa mgonjwa ni uamuzi ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi au wa anthropolojia angeutambua mara moja. Mgonjwa aliyelala kitandani wodini ni mtu aliyeng'olewa kwao, ilhali yule aliye ndani ya kibanda chake angali baba au mama wa watu. Aidha, waliopona waliwaona walioanza, na walioanza wakawaona waliopona, na kwa njia hiyo neno "qaaxo" likaanza kupoteza makali yake pasipo mtu kuandika bango hata moja.

Utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi ulikuja kuenezwa na Shirika la Afya Duniani kote ulimwenguni katika miaka ya 1990. Si haki kumpa Tonelli sifa yote. Nchini Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Karel Styblo na wataalamu wa mpango wa taifa wa kifua kikuu walijenga mfumo uliokuwa na mchango mkubwa zaidi katika sera hiyo ya kimataifa. Hata hivyo, Wajir ina nafasi yake. Tonelli mwenyewe alilazimika kuondoka Kenya baada ya kupaza sauti kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Aliendelea na kazi ile ile kwa Wasomali, akatunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 2003, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi Borama. Kwa wanaopenda kuitenga afya na siasa, maisha yake ni ushahidi wa upande wa pili.

Neno lililotangulia maabara

Mfano wa pili unahusu Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vya homa hii vilitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika eneo la Naivasha, ndipo jina hilo likapatikana. Lakini milipuko iliyoumiza watu zaidi ilitokea Garissa na jirani zake: ule wa mwaka 1997 hadi 1998, wakati wa mvua za El Niño, na ule wa mwaka 2006 hadi 2007, ambao nchini Kenya pekee uliua zaidi ya watu 100.

Namna ugonjwa unavyozuka inafaa kuelezwa, maana ina mpangilio wa hadithi. Mayai ya aina fulani ya mbu hukaa ndani ya udongo mkavu wa mabonde madogo kwa miaka, yakiwa hai na virusi ndani yake. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ikituama hapo, mayai huanguliwa kwa wingi. Mbu huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mifugo huharibu mimba na wachanga hufa. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kuzalisha.

Baada ya mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, watafiti waliokwenda kuwahoji wafugaji wa Kisomali waligundua jambo ambalo halina budi kumsisimua mwanafunzi yeyote wa isimu. Wafugaji walikuwa na neno: "sandik". Katika Kisomali "san" ni pua na "dhiig" ni damu, yaani kutokwa damu puani, dalili waliyoiona kwa kondoo wao. Walikumbuka mvua, wakakumbuka mawingu ya mbu yaliyofuata wiki kadhaa baadaye, kisha kondoo, kisha watu. Kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuugua, kwa wastani zilipita zaidi ya wiki mbili. Hatua za serikali za kuzuia ugonjwa kwa mifugo zilikuja baadaye sana.

Wiki mbili si muda mdogo. Zinatosha kuwatahadharisha wachinjaji na kuwaambia akina mama wasishike kondoo aliyeharibu mimba kwa mikono mitupu. Kilichokosekana ni sikio. Hakuna daftari lililokuwa na safu ya neno "sandik", na taarifa isiyo na safu yake haisafiri kwenda Nairobi. Hii ndiyo sababu ya sisi kudai kuwa msamiati wa maradhi ni sehemu ya upelelezi wa maradhi, wala si pambo la faharasa nyuma ya kitabu.

Ujumbe wa kinyume nao ulikuwa na taabu zake. Serikali ilipopiga marufuku uchinjaji, na soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa nchini, likafungwa, Idd ya kuchinja ya mwaka ule iliangukia mwisho wa Desemba 2006. Kumwambia Mwislamu asichinje siku hiyo, tena kwa tangazo la redio lisilo na sauti ya sheikh, ni kumpa amri bila kumpa sababu anayoweza kuikubali. Somo la mawasiliano ya afya linapozungumzia "kuijua hadhira", huzungumzia jambo kama hili.

Upepo, sunna na wakalimani watoto

Kenya ilikuwa imekaa miaka 22 bila polio wakati kirusi kilipoonekana tena mwaka 2006 katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 na 1992. Mwaka 2013 kirusi kilirudi, na safari hii watu 14 waliathirika nchini. Katika Kisomali polio huitwa "dabeysha", neno ambalo maana yake ya kawaida ni upepo. Msemaji wa Kiswahili cha pwani hatashangaa, kwa kuwa nasi tunasema mtu amepigwa na upepo. Sasa fikiri mhamasishaji anayemwambia mzazi kwamba matone mawili mdomoni yatamkinga mwanawe dhidi ya upepo, au kwamba upepo huo huenea kupitia kinyesi. Kila neno ni sahihi, na jumla yake ni kitendawili. Dawa yake si kulifuta neno la wenyeji. Ni kujua neno linabeba nini, ndipo upange maelezo.

Neno "sunna" lina hatari kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya wanawake wa Kaskazini Mashariki wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 21. Sheria ya kuharamisha ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka 2011. Miongoni mwa Wasomali, namna ya ukeketaji inayohusisha kushona huitwa ya kifirauni, na namna inayosemekana kuwa nyepesi huitwa "sunna". Matokeo yake ni kwamba mtu anayeacha ya Firauni hujiona ameingia katika mwenendo wa Mtume, ingawa wapo masheikh waliojitokeza kusema kuwa dini haina msingi wa jambo hili. Jina ndilo linalofanya kazi ya kutetea. Takwimu peke yake haiwezi kulishinda jina. Anayetaka kulishinda aelewe semantiki, na fiqhi kidogo.

Kiswahili kinaingia wapi? Kinaingia katikati. Kadi ya kliniki imeandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi aliyetoka Kisii au Meru huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili. Mgonjwa, hasa mwanamke mtu mzima wa bara la ndani, anazungumza Kisomali; kandokando ya Mto Tana anaweza kuwa mzungumzaji wa Kimalakote au Kimunyoyaya. Mkalimani huwa ni mtoto wake anayesoma shule. Mtoto wa miaka kumi na mmoja atatafsirije swali kuhusu hedhi ya mama yake, tena mbele ya mama huyo? Atalipunguza, au ataliruka. Nasi wa taasisi za Kiswahili tumetumia nguvu nyingi kubuni istilahi za tiba na nguvu chache mno kuchunguza istilahi hizo zinavyopita kinywani mwa mkalimani wa namna hii.

Hofu ya takwimu

Linalowatisha wanafunzi wa lugha katika fani hii ni hesabu. Kwa maoni yetu hofu hiyo imekuzwa. Hesabu nyingi za ngazi hii ni kugawanya. Ugumu uko katika kujua unagawanya kwa nini. Tuchukulie kuwa wilaya inakadiriwa kuwa na watoto 10,000 wa kuchanjwa, na wauguzi wamechanja 9,000. Ripoti itasema asilimia 90, na watu watapongezana. Ikiwa watoto kwa hakika ni 15,000, basi waliochanjwa ni asilimia 60, na watoto 6,000, si 1,000, wamebaki bila kinga.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini tatizo si la kubuni. Mwaka 2010 serikali iliyakataa matokeo ya sensa ya mwaka 2009 katika wilaya kadhaa, zikiwemo Mandera Mashariki, Wajir Mashariki na Lagdera, kwa hoja kwamba idadi ilikuwa imepita kiasi. Ubishi huo ulichukuliwa kuwa wa siasa na mgao wa fedha. Kwa anayesoma afya ya umma ni ubishi kuhusu namba ya chini ya kila sehemu: namba hiyo ikitetereka, kila asilimia iliyoandikwa juu yake inatetereka nayo. Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuuliza ni nani anayesimulia na kwa nini. Akiipeleka tabia hiyo kwenye jedwali, tayari amefika nusu ya safari.

Kwa nini Garissa, kwa nini sasa

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Miezi michache nyuma, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, baadhi yao wakiwa walimu. Baada ya matukio hayo walimu na wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na haikuwa rahisi kuwalaumu. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017.

Tunalitaja jambo hili zito kwa sababu linabadilisha hoja. Mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili ndiye mtu pekee mwenye shahada katika kijiji, yeye ndiye atakayeulizwa tangazo la chanjo linasema nini, na yeye ndiye atakayeona kwanza kwamba wanafunzi tisa wa darasa moja hawakuja kwa kuhara. Hatakuwa tabibu, na fani ndogo haimpi ruhusa ya kumpima wala kumpa mtu dawa. Hilo lazima lisemwe waziwazi, maana elimu kidogo ya tiba hulewesha. Lakini atajua kuhesabu siku, kuuliza kuhusu maji, na kumwandikia afisa wa afya barua yenye tarehe, idadi na mahali.

Tunayo tahadhari nyingine. Idara za afya zikimwalika mtu wa lugha, mara nyingi humpa bango la kutafsiri baada ya kila kitu kuamuliwa. Mwanafunzi asikubali kuishia hapo. Kazi inayomfaa zaidi huanza mapema, kabla hojaji haijaandikwa.

Kwa anayetaka kujaribu, likizo ndefu moja inatosha. Achague eneo moja, tuseme Balambala au Ijara, akusanye majina ya maradhi katika lugha zinazosemwa hapo pamoja na Kiswahili cha hapo: jina, maana yake ya asili, dalili ambazo wasemaji wanazihusisha nalo, ni nani hulitumia na ni nani hulikwepa. Apate kwanza ruhusa ya chuo, ya chifu na ya wazee, na asiandike jina la mgonjwa yeyote. Aanze na magonjwa ya mifugo. Hayo watu huyataja bila haya, na kutoka kwa kondoo mazungumzo huwafikia watu yenyewe.